Picha ya Thelathini na Saba

Siku tatu baada ya kumzika Babu, ujumbe wa kwanza kuingia kwenye kundi la familia bila neno "pole" ulitoka kwa binamu yangu wa Dar: "Jamani, ile skana ya Babu nani anaichukua?" Hakuuliza shamba. Hakuuliza mizinga ya nyuki. Aliuliza skana, dude zito la plastiki lenye rangi ya chai ya maziwa, ambalo ukiliwasha linakoroma kama mlevi aliyepewa kiti. Nikamjibu kwamba imo kwenye wosia, wamerithi kuku, maana ndio wanaolala juu yake. Watu wakatuma vikaragosi vya kucheka mpaka machozi, halafu mazungumzo yakahamia kwenye masufuria ya majirani na nani atayarudisha. Mimi nikabaki na simu mkononi. Nilikuwa sijalia, na wala sikujishangaa, kwa sababu kwenye eneo hilo sina sifa nzuri tangu zamani. Nina miaka kumi na minane, niko kidato cha tano, na najua kwamba kuandika kumbukumbu za maisha kwa umri huu ni kama kustaafu kabla hujaajiriwa. Wazee waniwie radhi. Lakini mwaka ninaotaka kuusimulia umeshakwisha kabisa, na sasa hata mtu niliyekuwa naye mwaka huo amekwisha, kwa hiyo sioni ninachosubiri.

Ni mwaka niliokuwa kidato cha pili. Mama alifariki mwanzoni mwake, shule zikiwa ndiyo kwanza zimefunguliwa. Ugonjwa wenyewe siusimulii; kila nyumba ina wa kwake. Ninachoweza kusimulia ni ile hali iliyokuja baadaye. Ukichomwa sindano ya ganzi kwa daktari wa meno, unaweza kujigonga shavu ukasikia mlio tu, maumivu hakuna. Mimi nilikuwa hivyo mwili mzima. Msibani nilihesabu viti vya kukodi, vingine vyekundu, vingine vyeupe, vingine vimeandikwa jina la ukumbi wa harusi, nikawaza kwamba kuna bibi harusi mahali fulani amekalisha wageni wake chini. Wenzangu wa darasani walipokuja na nyuso za kulia niliwaambia, "Karibuni, kuna pilau, ila nyama wameficha." Nikiwa nyuma ya jiko nikasikia akina mama wawili wanapepeta mchele na kunong'ona habari zangu. "Umemwona mtoto wa Modesta? Anacheka." "Muache, ni mshtuko." "Mshtuko gani unamaliza sahani mbili?" Nilitamani kujitokeza niwasahihishe kwamba zilikuwa tatu. Juu ya jeneza waliweka picha ya Mama iliyokuzwa kutoka kwenye kitambulisho, ile ambayo kila mtu anaonekana kama amekamatwa. Niliitazama kwa muda mrefu nikitafuta mtu ninayemjua. Sikumpata.

Baada ya hapo nikahamishiwa kwa Babu, Kipalapala, kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma jirani na mashamba ya mihogo, ambako kengele ya seminari ndiyo iliyotupangia siku: hii ya kuamka, hii ya kula, hii ya Babu kusema "wale wanasali, sisi tunapepeta." Alikuwa akiishi na binti yake mdogo, Mama mdogo Beata, mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke anayezungumza kana kwamba ukuta wote ni ubao. Nilipewa chumba alicholala Mama alipokuwa msichana. Nilitegemea nitajisikia vibaya humo, nikajiandaa kabisa, lakini kilikuwa chumba tu: kitanda cha kamba, dirisha moja, magunia mawili ya michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vibichi vikakaushwa, harufu ya nta ya nyuki iliyoingia ukutani na haitaki kutoka. Asubuhi tulikunywa chai na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa mpaka vinakuwa vya kutafuna kama mkanda wa suruali. Jioni ugali na majani ya kunde ya karanga. Babu hakunihurumia hata siku moja, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. "Shikamoo Babu," ningesema nikitoka chumbani. "Marahaba. Bado upo? Nilidhani fisi wamekuchukua." "Walinionja, wakanirudisha." "Fisi wa Kipalapala wana adabu, hawali vitu vichungu." Hivyo ndivyo tulivyokuwa. Mama mdogo Beata alitusikiliza huku akisahihisha madaftari na kutikisa kichwa.

Babu alikuwa ameajiriwa miaka mingi kama bwana nyuki wa serikali. Kazi yake ilikuwa kuzunguka vijijini na pikipiki, jenereta na projekta, kufundisha watu kufuga nyuki bila kuchoma msitu. Akifika kijijini anatundika shuka jeupe ukutani, giza likiingia anawaonyesha slaidi: picha ndogo za filamu, kila moja imebanwa kwenye fremu ya karatasi ngumu isiyozidi ukubwa wa kibiriti, ambayo ukiipitishia mwanga inajaa ukuta mzima. Alinihadithia kwamba alipowaonyesha watu wa Lusu nyuki mwenye ukubwa wa mbuzi, nusu ya mkutano ilikimbia. "Na kijiji cha Choma?" nikamuuliza. "Choma hawakukimbia. Wale ni wafugaji. Mzee mmoja alinyoosha mkono akauliza, nyuki wa ukubwa huu anatoa lita ngapi." Slaidi hizo alizipiga mwenyewe, na alipostaafu akaambiwa azichukue zote, maana hakuna aliyezitaka. Zilikuwa kwenye boksi la bati chini ya kitanda chake, ndani yake vijiboksi kumi na moja vya plastiki, kila kimoja roli moja ya filamu.

Siku aliyonionyesha, tulikuwa tumekaa barazani tunamenya karanga, na yeye alikuwa anameza maneno, jambo ambalo si kawaida yake. "Filamu ya serikali ilikuwa ya picha thelathini na sita," akasema. "Bosi alizihesabu. Thelathini na sita zinatoka, thelathini na sita zinarudi. Lakini ukiifunga filamu kwenye kamera kwa mkono mwepesi, umejifunika blanketi ili mwanga usiingie, hupotezi ile ncha ya mwanzo. Inakupa ya thelathini na saba." "Wizi wa mali ya umma," nikasema. "Ya thelathini na saba haikuwa ya umma. Ilikuwa yangu. Nikirudi safari, hapa nyumbani, naipiga ya mwisho. Mama yako yumo. Kila boksi lina Modesta mmoja." Ndipo nikaelewa kwa nini anameza maneno. Picha za Mama za utotoni hazikuwapo kokote. Sote tulijua hivyo, tulikuwa tumetafuta wakati wa msiba. Kumbe zilikuwa kumi na moja, chini ya kitanda, na alikuwa hawezi kuziona. Projekta ilishakufa zamani, na Babu alikuwa na presha ya macho, ugonjwa unaokula kuona kuanzia pembeni kuelekea katikati na haurudishi ulichokula. Daktari alimpa dawa ya matone ya kuchelewesha tu. Alisema anaona dunia kama nyuki aliye ndani ya mzinga anavyoiona, kupitia tundu. "Tundu linapungua," akasema, akiendelea kumenya. "Nataka nimwone Modesta kabla halijaziba. Akiwa mkubwa kidogo, siyo kwenye kitu cha ukubwa wa kibiriti. Wewe ndiye mtoto wa mitandao. Tafuta mashine." Nikasema sawa. Sikusikia kitu chochote moyoni, nilisikia tu kwamba nimepewa kazi, na kazi ni bora kuliko kukaa.

Nilianza kwa ujinga, kama inavyostahili. Nilichukua slaidi moja ya nyuki nikaiweka kwenye mashine ya fotokopi ya steshenari moja mjini, ikatoka karatasi nyeusi tii yenye mraba mweusi zaidi. Dada wa dukani akaniuliza ninataka nakala ngapi za usiku. Ndipo nikaenda kwa Mzee Nasoro, karibu na soko, ambaye alikuwa mpiga picha wa mjini kabla simu hazijamfukuza kazini. Sasa alikuwa anapiga picha za pasipoti na kuchapa barua. Alikuwa mzee safi wa kofia iliyodariziwa kwa mkono, birika dogo la kahawa pembeni, na hakuwa na haraka na kitu chochote. "Slaidi, binti yangu, haisomwi kwa mwanga wa mbele," akasema. "Inasomwa kwa mwanga unaotoka nyuma yake. Ukilijua hilo, umeshawashinda wauzaji nusu." Akanipangia mezani, kwa vikombe vya kahawa, uchaguzi wangu wote. Kikombe cha kwanza: simu yangu mwenyewe, nishike slaidi mbele ya kioo cheupe chenye mwanga nipige. Bure, lakini picha inapinda na mkono unatetemeka. Cha pili: kijiboksi kipya kinachouzwa Dar, unasukuma slaidi upande huu, unabonyeza, sekunde mbili picha imo kwenye kadi. Cha tatu: skana ya kulaza karatasi, lakini ile yenye taa ndani ya kifuniko. Anayo moja ya zamani, imelala stoo. Cha nne: mashine halisi ya filamu, ya watu wa makumbusho. Babu alikuwa ameniambia nipatane bei kwa asali, kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo. Kijiboksi: ndoo moja. Skana ya stoo: ndoo mbili na mgongo wa kuibeba. Mashine ya makumbusho: mizinga yote saba, nyuki wake, na mimi mwenyewe juu.

Mzee Nasoro alinitolea ile ya stoo. Nikaicheka. Kwa kweli nilicheka kwa sauti. Ilikuwa na ukubwa wa jeneza la paka na ilitaka kompyuta ya zamani ili iizungumzie lugha yake, na alisema slaidi moja itachukua dakika tano. "Mzee wangu, dakika tano mara slaidi zote hizo, Babu atakuwa ameshazaliwa upya." Hakukasirika. "Kwani zote za nini? Anza na unazozihitaji. Na ukichukua hicho kijiboksi, jaribu slaidi moja kwanza. Itazame picha, halafu itazame slaidi yenyewe dirishani. Hesabu pembe zote nne." Nikamwambia nitahesabu. Nikaenda nikaagiza kijiboksi. Kilikuja na basi, kimefungwa vizuri, cheusi, kinang'aa, kidogo kama pasi ya mkaa ya mtoto, na Babu alipokipapasa akasema zamani mizigo ilitembea kwa vichwa vya Wanyamwezi kutoka hapa kwenda pwani miezi mitatu, na sasa pwani inatuletea mzigo kwa siku moja, na bado mzigo wenyewe ni mwepesi hivi. Alikuwa amefurahi. Naikumbuka ile furaha kwa sababu mimi sikuwa nayo na niliiangalia kama mtu anayetazama wengine wakila.

Sikujaribu slaidi moja. Sikuhesabu pembe. Nilikaa Jumamosi nzima mezani sebuleni, nikisukuma slaidi upande huu zikitokea upande ule, bonyeza, sukuma, bonyeza. Sikuzitazama hata. Kazi ya mikono isiyotaka kichwa ndiyo niliyoitaka. Ningeweza kufanya hivyo mwaka mzima. Nyuma ya kila fremu ya karatasi kiwanda kilikuwa kimegonga namba, kwa hiyo za thelathini na saba nilizitenga mwisho, zote kumi na moja. Mama mdogo Beata akaleta kompyuta yake mpakato, Babu akavuta kiti akakaa karibu kabisa na kioo, akiwa amevaa shati la kwenda kanisani. Hilo nililiona. Nikafungua ya kwanza. Mzinga. Mzinga wa kisasa wa mbao, umesimama kwenye miguu minne katikati ya uwanja, rangi imeelekea bluu, madoa ya ukungu huku na huku. Nikafungua ya pili. Mzinga uleule. Ya tatu, mzinga uleule, majani yamekua. Nilifika ya saba bila kuona binadamu yeyote, na nikaanza kuwaza kwamba mzee amechanganya, au amesahau, au pengine huyo Modesta wa kila boksi alikuwa jambo alilotamani kulifanya akaja kuamini amelifanya. Babu alikuwa amesogeza uso karibu na kioo, anageuza shingo taratibu, kushoto, kulia. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Unamwona?"

Nimelifikiria sana swali hilo. Nilikuwa na majibu mawili, na la kweli lilikuwa fupi. Lakini mwaka ule watu wote walikuwa wameshaniambia kwamba kitu hakipo: dawa hazipo, daktari hayupo, Mama hayupo. Sikutaka kuwa mtu wa kumwambia mwingine. "Namwona," nikasema. "Kapendeza?" "Kapendeza sana. Gauni la njano." Sijui njano ilitoka wapi; mtani akianza kudanganya hawezi kudanganya kidogo. "Njano," Babu akasema. "Njano, Babu. Lina mifuko." Akageuza shingo tena. "Eeh," akasema. "Na mimi namwona." Tukazipitia zote kumi na moja hivyo, mimi nikimvalisha Mama nguo, yeye akiitikia, mpaka Mama mdogo Beata akatuita tukale. Babu alikula kidogo akaenda kulala mchana, akiwa na lile shati lake. Niliosha vyombo. Nilijiona nimefanya jambo zuri.

Ilikuwa siku ya pili yake, nikiwa nyuma ya jiko nakusanya kuni, nilipomsikia Babu anaongea na Mama mdogo ndani. Ukuta wa jiko letu ni wa fito, hausitiri kitu. "Usimwambie mtoto," alikuwa anasema. "Sikumwona. Yeye anamwona mpaka mifuko ya gauni, mimi naona mzinga tu. Niligeuza shingo mpaka ikauma. Modesta alikuwa anasimama pembeni, mkono wa kulia, siku zote. Na pembeni ndiko macho yalikoanzia kula." Mama mdogo akamwambia labda wakajaribu hospitali nyingine. "Hospitali gani, Beata? Daktari alishasema kinachokwenda hakirudi. Nimechelewa. Nilichelewa kuzitoa chini ya kitanda, basi. Afadhali mtoto amemwona." Kisha nikasikia kijiko kinakoroga uji, kinakoroga, kinakoroga. Mimi nilikuwa nimechuchumaa na kuni tatu mkononi. Nilielewa kwanza lile neno dogo, pembeni, kabla sijaelewa mengine. Nikaziweka kuni chini nikaenda chumbani.

Nilichukua slaidi ya kwanza ya thelathini na saba nikaiinua dirishani, kwa vidole viwili, jua la asubuhi nyuma yake. Mzinga ulikuwepo katikati. Na kulia kabisa, kwenye ukingo, pale karatasi inapoanza, alikuwapo mtoto, mdogo kama punje ya mtama, amesimama kwa miguu yake miwili. Nikachukua ya pili. Yupo. Ya tatu, yupo, amerefuka. Zote kumi na moja. Kile kijiboksi kilikuwa kinakata picha pande zote, kidogo tu kila upande, ili ijae vizuri kwenye kioo chake, na ndani ya kidogo hicho ndimo alimosimama Mama miaka yote ya utoto wake. Babu alinieleza baadaye. Roli zikitoka kusafishwa nje zilipitia kwanza mezani kwa bosi, na bosi akikuta picha ya ziada ya mtoto wa mtumishi, ni kesi. Kwa hiyo Babu alipiga mzinga wa maonyesho uliokuwa uani kwake, mzinga katikati kama mali ya serikali, na mtoto pembeni kama mtu anayepita njia. Bosi aliona mzinga. Mashine yangu nayo iliona mzinga. Wote wawili walikuwa na akili moja.

Ningependa kuandika kwamba pale dirishani nililia. Sikulia. Nilikaa kitandani nikafikiria kwamba kuna mzee upande wa pili wa ukuta anayeamini macho yake yamemla mwanaye, na aliyemwaminisha ni mimi, kwa gauni la njano. Ningeweza kwenda kumwambia papo hapo. Sikwenda. Nilifikiri nikimwambia yupo halafu nisiweze kumwonyesha, nitakuwa nimemuua mara mbili. Na tundu lake lilikuwa linapungua kila wiki, alishaanza kumimina chai nje ya kikombe. Nikavaa viatu, nikafunga slaidi kumi na moja kwenye leso, nikachukua kile kijiboksi cheusi, nikaenda mjini.

"Ulihesabu pembe?" Mzee Nasoro akaniuliza, kabla sijaketi. "Shikamoo." "Marahaba. Ulihesabu?" "Sikuhesabu." Alinimiminia kahawa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na mimi nikamsimulia yote, hata njano. Hakusema pole. Alichukua slaidi moja, akaiweka kwenye kioo chake kidogo cha kukuzia, akaitazama muda mrefu. "Babu yako alikuwa fundi," akasema. "Ona alivyouweka mwanga. Uko kwa mtoto, siyo kwa mzinga." Kisha akanyanyuka, akaingia stoo, akatoka na jeneza langu la paka. Tukalifuta vumbi. Tukaondoa fremu ya plastiki iliyokuja nalo ya kushikia slaidi, kwa sababu hata yenyewe inabana ukingo, tukazilaza slaidi juu ya kioo zikiwa peke yake. Karibu saa nzima lile dude lilikoroma, dakika tano, tano, taa ya kwenye kifuniko ikitembea polepole kama mtu anayesoma kwa kidole. Pembe zote nne za kila slaidi zilitokea, mpaka ule mviringo mdogo wa kona za fremu ya karatasi. Mzee Nasoro alikubali kijiboksi changu na ndoo moja ya asali, akanipa skana, waya wake, na kompyuta ya zamani inayoijua lugha yake, akanisisitizia kwamba kila picha niiandikie maelezo chini: nani, wapi, nini kinatokea. "Picha isiyo na maneno," akasema, "wajukuu wataiuza na fremu yake."

Nilimkalisha Babu sebuleni saa kumi ya jioni, jua likiwa bado liko kwa wingi. Hakutaka. "Nimeshaona," akasema. "Hujaona," nikasema, "na mimi sikuona. Nilidanganya. Hakukuwa na mtu kwenye picha zile, mashine ilimkata." Nilitegemea atachukia. Akauliza, "Hata mifuko?" "Hata mifuko, Babu." Mama mdogo Beata alisimama mlangoni na madaftari kifuani. Nikafungua picha ya kwanza, nikaikuza, nikaisogeza mpaka mzinga ukatoka nje ya kioo na ule ukingo wa kulia ukaja katikati, mbele ya tundu lake. Alisogea. Aligeuza shingo. Mimi sikumvalisha mtu nguo. "Rudisha kidogo," akasema. "Hapo. Usiguse." Kisha, baada ya muda, "Amevaa shati langu la kazi. Beata, njoo uone. Hili shati nililitafuta wiki nzima, kumbe lilikuwa na mtu ndani." Lilikuwa shati la kaki, limefika kwenye vifundo vya miguu, mikono imekunjwa mara nyingi kama chapati. Mama mdogo akaweka madaftari chini, akaangalia, akaenda nje. Tulizitazama zote kumi na moja, na hakuna aliyetuita kula. Kwenye ya mwisho Mama alikuwa ameshaupita mzinga urefu. Babu alinishika kiwiko cha mkono, siyo kiganja, pale alipofikia, akakishikilia hivyo mpaka jua likaondoka dirishani.

Tundu liliziba kabla ya mwaka kwisha. Tangu hapo nilikuwa namsomea picha. Kila likizo, barazani, kompyuta ile kongwe juu ya kigoda, mimi nasema kilichomo na yeye ananisikiliza, na sharti lilikuwa moja: hakuna kuongeza. Ilikuwa kazi ngumu kuliko hesabu zote nilizofundishwa, kusema kitu kilichopo tu. Mara ya mwisho ilikuwa likizo iliyopita, alikuwa ameshakonda, anakunywa uji kwa mrija. "Ya kwanza," nikasema. "Modesta, miaka mitatu au minne. Shati lako la kaki. Miguu mitupu. Mkono mmoja kwenye mguu wa mzinga. Anakuangalia wewe."

"Haniangalii mimi."

"Anakuangalia, Babu. Nipo nayo hapa."

"Tazama vizuri. Anaangalia pembeni yangu, kushoto kwake kidogo. Mama yake alikuwa amesimama pale kwenye mlango wa jiko, ameshika viatu, anamwambia avae. Nilimwambia asogee, asiingie kwenye picha. Nikamkata." Akavuta uji. "Yule alikuwa mwanamke mzuri kuliko mzinga ule, na nikamkata."

Nikaikuza mpaka uso wa Mama ukawa nukta nukta. Macho yalikuwa yameelekea kushoto kwake, nje kabisa ya ukingo, kwa mtu ambaye hakuna mashine ya kumleta. Nilikuwa nimeisoma picha hiyo miaka mitatu na sikuwahi kuona.

"Andika basi," Babu akasema.

Nikaandika chini yake: *Modesta, miaka minne hivi, Kipalapala. Anamwangalia mama yake, ambaye hayumo kwenye picha. Mama huyo ameshika viatu vya mtoto.*